Chanzo cha data: Tovuti hujuaje kanzidata ya kuuliza?

Mwananchi wa Kenya, Uganda, Rwanda au Tanzania anapoingiza namba yake katika tovuti ya huduma, jibu analoliona halikuwa limeandikwa ukurasani. Programu iliyo ndani ya seva hupeleka ombi kwenye kanzidata, hupokea majibu, kisha huunda ukurasa. Kabla ya ombi kuondoka, programu hiyo sharti ielezwe ni kanzidata ipi inayoulizwa. Maelezo hayo ndiyo huitwa chanzo cha data.

Kwa kawaida hutajwa aina ya kanzidata, anwani ya seva yake, jina lake, jina la mtumiaji na neno la siri. Katika ColdFusion, iliyozinduliwa mwaka 1995, msimamizi wa seva husajili maelezo yote kwa jina moja, na kila ombi hutaja jina hilo tu. Tangu toleo la 9 la mwaka 2009, jina hilo laweza kuwekwa mara moja kwa tovuti nzima.

Katika PHP, amri za zamani za MySQL zilitumia muunganisho uliofunguliwa mwisho iwapo hapakutajwa mwingine. Hapo palikuwa na hatari. Tovuti iliyofungua kanzidata mbili, ya majaribio na ya kweli, iliweza kufuta kumbukumbu halisi za watu pasipo onyo lolote. Amri hizo ziliondolewa katika PHP 7, Desemba 2015. Katika PDO, iliyokuja na PHP 5.1 mwaka 2005, kila ombi hupitia muunganisho uliotajwa waziwazi.

Hatari ya pili ni neno la siri kuandikwa ndani ya programu yenyewe. Programu hiyo ikinakiliwa au kuwekwa hadharani, siri nayo imetoka. Kwa hiyo maelezo hayo hutunzwa katika faili lililo nje ya folda inayofunguka kwa umma, na tovuti ya kusoma tu hupewa mtumiaji asiyeruhusiwa kubadili wala kufuta kitu.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo humtaka anayetunza taarifa za watu azilinde ipasavyo, na ulinzi huo huanzia katika mistari hiyo michache.