Ndoo, Punda na Mti wa Kuchimbia

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, ukiacha uzito wa ndoo yenyewe. Mama wa Kiiraqw anayeipandisha kutoka bondeni, kwenye vilima vya Mama Issara wilayani Mbulu, ana mwendo wake: hatua fupi, shingo imenyooka, macho chini kidogo, mkono mmoja kwenye ukingo wa ndoo pale njia inapoteleza. Ngata ya khanga imekaa utosini. Wairaqw ni wakulima wafugaji, hivyo safari haiishi kisimani. Kuna kuni, kuna shamba, kuna majani ya ng'ombe. Hakuna iliyo mbali sana, ila zote ni za kupanda na kushuka, na hurudiwa siku hiyo hiyo.

Shuka sasa hadi bonde la Yaeda, wilaya hiyo hiyo, kwa Wahadzabe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima mwendo wao: wanawake wastani wa kilomita 5.8 kwa siku, wanaume 11.4. Mtu wa haraka atasema wanaume ndio watembezi. Lakini kipimo hicho kinahesabu njia, hakipimi mzigo. Mwanamume anaweza kurudi na upinde wake mtupu. Mwanamke hurudi na mizizi, na mara nyingi na mtoto mgongoni.

Kina mama wa Kihadzabe hutoka kwa kundi, kwa soga na vicheko, na njia yao hunyooka kuelekea mahali wanapopajua. Mwanamume huenda peke yake na kuzungukazunguka, maana mnyama hana anwani. Kina mama wakifika, kila mmoja hugonga ardhi na kusikiliza: mlio humwambia kama chini kuna mzizi. Kisha huketi, akaanza kuchimba kwa mti mgumu uliochongwa ncha. Saa za kukaa chini hivyo ni ngumu kuliko za kutembea, wala hazimo kwenye zile kilomita.

Wilaya jirani ya Hanang ni nchi ya tambarare chini ya mlima unaozidi mita 3,400, na huko Wabarbaig, tawi kubwa la Wadatoga, wameishi kwa mifugo. Mama wa Kidatoga hupata msaidizi ambaye wengine humwonea wivu: punda. Madumu hufungwa ubavuni, mama akafuata nyuma na fimbo, mikono huru. Aliyevaa sketi ya ngozi ya asili, yenye vishada vinavyochezacheza kila anapopiga hatua, hutambulika kabla sura yake haijaonekana. Vazi hilo lina heshima kubwa, na wanawake wenyewe wana baraza lao: mwanamume aliyewakosea huweza kutozwa ng'ombe.

Hata hivyo, urefu wa safari haupangwi na mila peke yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kilimo cha ngano cha shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Canada, kilichukua ekari zipatazo 100,000 kwenye tambarare za Basotu. Malisho bora yalichukuliwa, na njia za zamani za watu na mifugo kuelekea maji zikakatwa na mashamba. Anayeona ng'ombe na punda wakizunguka mbali asidhani ni kupenda matembezi. Wahadzabe nao walibanwa na mashamba na mifugo ya majirani, hadi mwaka 2011 walipopata hati za kimila za sehemu ya ardhi yao.

Siku ya mnada, njia hizi zote hukutana. Mwiraqw na kapu la mazao, Mdatoga na kibuyu cha maziwa, miguuni katambuga za matairi au kandambili. Bodaboda wanaita abiria tangu asubuhi. Wapo wanaopanda wakati wa kurudi, hasa wakiuza vizuri. Wengine hupiga hesabu ya nauli, wakaifunga fedha kwenye pindo la khanga, wakashika njia kwa miguu, wawili wawili, soga mbele.