Kalobeyei: Ukimpa Ng'ombe Dawa, Usimsahau Mbwa

Mfugaji wa Kalobeyei, Turkana, anayemnywesha ng'ombe wake dawa ya minyoo mvua inapoanza amefanya jambo la maana. Minyoo ya tumbo hutoka, mnyama hunawiri na hupata bei sokoni Kakuma. Lakini yupo tegu mmoja asiyeguswa na dawa hiyo, kwa sababu anazaliana ndani ya utumbo wa mbwa.

Tegu huyu ana urefu wa milimita chache tu. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, yakatapakaa kwenye nyasi, mchanga na maji. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia huyameza wakilisha, kisha vifuko vya maji humea kwenye maini na mapafu. Kwa nje mnyama huonekana mzima. Akichinjwa na maini hayo yakatupiwa mbwa, wiki sita au saba baadaye mayai mapya huanza kumwagwa.

Binadamu naye huyameza, hasa mama na mtoto wanaoishi karibu na mbwa wa boma. Uvimbe humkulia kimyakimya kwa miaka. Mapema miaka ya 1980, watafiti walikadiria wagonjwa wapya wa uvimbe huu zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila watu 100,000 kaskazini magharibi mwa Turkana, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu zaidi duniani. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kuudhibiti ugonjwa huu: wagonjwa walipasuliwa, mbwa wakapewa dawa ya praziquantel na wafugaji wakaelimishwa.

Kazi hiyo haifai kulegea sasa. Tangu makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei yafunguliwe mwaka 2016, wakimbizi na wenyeji wanakula nyama ya mifugo ileile. Kila kichinjio kinahitaji mkaguzi, ua wa kuzuia mbwa na shimo refu la kuzika viungo vyenye vifuko. Anayechinja nyumbani avizike au avichome, asivitupe.

Mbwa nao huhama na mifugo, kwa hiyo dawa yao iwafuate malishoni. Timu za kaunti zinapokwenda kuchanja mbuzi, zibebe pia tembe za mbwa. Ni gharama ndogo, tena inawaokoa ng'ombe na watoto kwa pamoja.