Rangi ya mstari wa amri yaweza kuokoa data

Kijana aliyeketi Bulla Pesa, mjini Isiolo, aweza kuiongoza seva iliyo Nairobi, umbali wa zaidi ya kilomita 250, pasipo kuinuka kitini. Hufungua madirisha mawili ya terminali: moja la tarakilishi iliyo mbele yake, jingine la seva. Yote mawili ni meusi na maandishi yake yafanana. Hapo ndipo hatari huanzia, kwani amri ya kufuta mara nyingi haiulizi mara mbili.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mnamo Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alikusudia kufuta data katika seva moja, kumbe yumo katika nyingine, ile iliyokuwa ikiwahudumia wateja. Alipong'amua, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia 4.5 tu. Baadaye, miongoni mwa hatua ilizoorodhesha, kampuni hiyo ilitaja kubadilisha mstari wa kukaribisha amri ili kila seva itambulike waziwazi.

Mstari huo ni maandishi mafupi yanayotangulia kila amri. Katika Bash, programu iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1989, na inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, umbo lake huhifadhiwa kwa jina PS1. Alama \u huonyesha jina la mtumiaji, \h jina la mashine, na \w folda anamofanyia kazi. Alama \$ huwa $ kwa mtumiaji wa kawaida, na # kwa msimamizi mkuu mwenye mamlaka yote.

Mstari mwekundu wa seva huandikwa hivi:

PS1='\[\e[31m\]\u@\h:\w\$ \[\e[0m\]'

Namba 31 ni nyekundu. 32 ni kijani, na yafaa tarakilishi ya nyumbani. Namba 0 hurejesha rangi ya kawaida.

Ni vyema kuujaribu kwanza katika terminali. Ukikosewa, kufunga dirisha na kulifungua upya hurejesha hali ya awali. Ukiridhisha, huongezwa mwishoni mwa faili ya .bashrc iliyo ndani ya seva yenyewe, baada ya kutoa nakala ya faili hiyo. Msimamizi mkuu ana faili yake, nayo huhaririwa pia.

Hata hivyo, rangi haimzuii mtu kufuta. Humkumbusha tu alipo. GitLab iligundua usiku huo kwamba baadhi ya njia zake za kuhifadhi nakala hazikuwa zikifanya kazi, na data ya takribani saa sita ikapotea.