Vidonge vya Kupanga Uzazi Havingoji Likizo ya Askari

Tangu mwaka 2007 askari wa Uganda wamekuwa wakienda Somalia kwa zamu, na nyuma ya kila aliyeondoka ipo nyumba inayomngoja. Katika nyumba za namna hiyo, ziwe za jeshi au za polisi, imejikita fikira moja potofu: kwamba mke aliyeachwa peke yake hana haja ya kumeza vidonge vya kupanga uzazi, na kwamba yatosha avianze siku bwana anapobisha hodi. Mimba ikiingia, lawama hutupiwa vidonge. Yafaa basi ielezwe ni kazi gani hasa vidonge hivyo hufanya mwilini.

Chini ya ubongo iko tezi ndogo, ukubwa wake kama punje ya njegere, iitwayo pituitari. Kila mwezi tezi hiyo hupeleka katika damu homoni mbili: moja huyakuza mayai katika vifuko vya mayai, na nyingine hulitoa yai lililokomaa ili liingie katika mrija ambamo mbegu ya mume huweza kulikuta. Yai likisha kutoka, kifuko nacho huleta homoni zake, projesteroni na estrojeni, ambazo huitaka tezi inyamaze. Mwanamke akishika mimba, homoni hizo huendelea kwa miezi yote tisa, ndiyo maana mja mzito hatoi yai jingine.

Kidonge huiga ujumbe huo. Wenye vyeo wataelewa upesi: hakimpigani na mtu njiani, bali huzuia amri ya kuondoka isitolewe makao makuu. Tezi hunyamaza na yai halitoki. Zaidi ya hayo, ute ulio katika mlango wa mji wa mimba huwa mzito hata mbegu zikashindwa kupenya. Kidonge hakitoi mimba iliyokwisha kutunga, wala hakirundikani tumboni kama inavyosemwa visimani.

Sasa tuje kwenye kiini cha mambo. Homoni ya kidonge haikai mwilini. Ini huivunja kwa muda mfupi, hivyo ujumbe hauna budi kurudiwa kila siku, bwana awepo asiwepo. Katika pakiti ya vidonge 28 iliyozoeleka, 21 vina homoni, na 7 vya rangi ya kahawia ni madini ya chuma tu, vya kumshikiza mtu desturi. Katika siku hizo 7 tezi huanza kuamka na mayai huanza kukua. Pakiti mpya huiwahi kabla yai halijatoka. Anayechelewa siku mbili tatu kuianza pakiti hiyo huipa tezi nafasi ya kumaliza kazi. Na anayeanza siku bwana anaporudi huenda yai lake limekwisha kuwa safarini. Asipoanza ndani ya siku 5 za mwanzo wa hedhi, hana kinga mpaka ameze siku 7 mfululizo. Kabla ya hapo wavumilie au watumie kondomu. Mwenye likizo ya siku kumi na apige hesabu.

Aliyesahau kidonge kimoja akimeze mara anapokumbuka, hata ikiwa ni viwili kwa siku moja. Akikosa viwili au zaidi, ameze kimoja papo hapo, aendelee na pakiti, na ajikinge kwa siku 7. Ikiwa ni juma la tatu, aviache vya kahawia na kuanza pakiti mpya. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini amweleze muuguzi, kwa kuwa dawa hiyo hulifanya ini livunje homoni upesi mno. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kati ya wanawake 100 wanaotumia vidonge kwa mwaka mmoja pamoja na kusahausahau kwa kawaida, wapatao 7 hushika mimba. Kwa wasiokosa hata siku moja, hafiki mmoja.

Hofu ya damu kuganda ina asili yake. Kidonge cha kwanza, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1960 kwa kuzuia mimba, kilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni. Vingi vya siku hizi vina 30 au 35. Hatari imepungua, haikwisha. Mwenye shinikizo la damu, au mvuta sigara aliyetimiza miaka 35, apewe njia nyingine. Anayenyonyesha mtoto asiyetimiza miezi sita hupewa vidonge vya projestini peke yake, ambavyo vingi vyake havistahimili kuchelewa zaidi ya saa tatu.

Limebaki jambo lililokwisha kuvunja nyumba. Askari hurudi, hufungua sanduku, hukuta pakiti iliyoliwa nusu, akauliza: mimi sikuwapo, hivi alivimeza kwa ajili ya nani? Jibu limo katika maelezo ya hapo juu. Mke asiyekatiza vidonge wakati mumewe yuko mbali anafuata maagizo ya zahanati barabara. Pakiti isiyoguswa ndiyo ingepaswa kumtia bwana wasiwasi, maana usiku ule ule angekuta nyumba haina kinga. Wale wasioweza kumeza kila siku, wakiwamo askari wa kike wenye zamu zisizotabirika, waulize juu ya sindano ya miezi mitatu au vipandikizi vya miaka kadhaa. Virusi vya UKIMWI havizuiwi na chochote kati ya hivyo. Kwa hilo kondomu haina mbadala wake katika orodha hii.