Mzoefu wa Guangzhou huondoka na begi nusu tupu

KATIKA foleni ya abiria wanaokwenda China, mgeni na mzoefu hawafanani. Mgeni huvuta begi lililojaa hadi zipu inalia, ndani yake mna suruali sita, viatu vya ofisini na mataulo. Mzoefu naye ana begi kubwa, lakini ukilinyanyua ni jepesi, kwani ndani yake amelaza begi jingine dogo lenye nguo za siku nne. Nafasi iliyobaki ni ya sampuli.

Kwa mfanyabiashara mdogo, safari ya Guangzhou au Yiwu si matembezi. Mara nyingi mtaji unaosafiri naye ni akiba ya miaka kadhaa, mkopo, au michango ya wenzake watatu wanaoshirikiana kontena moja. Akikosea, hasara haiishii kwake.

Kosa la kwanza hufanyika kabla hata begi halijafunguliwa, nalo ni la tarehe. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari, na viwanda vingi hufungwa kwa majuma kadhaa. Mwanzoni mwa Oktoba nako kuna sikukuu za taifa. Anayekwenda wakati huo hulipia hoteli na kutazama milango iliyofungwa. Maonyesho ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika Guangzhou mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba, na kila msimu una awamu tatu. Mashine na vifaa vya umeme huwa awamu ya kwanza, nguo na vitu vya kuchezea watoto awamu ya tatu. Anayetafuta mashine ya kukoboa akifika awamu ya tatu, amechelewa.

Baada ya tarehe ni fedha, na hapa ndipo wengi huumia. Mzoefu haweki dola kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, hata kwa dakika moja. Huzigawa sehemu mbili au tatu mwilini na kwenye mkoba wa mkononi, na hubeba noti mpya zisizo na mikunjo wala maandishi, kwani noti chakavu hukataliwa au hupunguziwa bei. Anayetoka Tanzania na Dola za Marekani 10,000 au zaidi taslimu anapaswa kuzitamkia forodha, na anayeingia China na zaidi ya dola 5,000 naye anapaswa kujaza fomu. Wapo wanaoogopa fomu hiyo wakidhani ni kodi. Kutamka si kulipa. Anayeficha ndiye anayejiweka katika hatari ya kupokonywa.

Hata hivyo, siku hizi fedha taslimu hazina nguvu kama zamani. Tangu mwaka 2023 imekuwa rahisi kwa mgeni kuunganisha kadi yake ya benki na Alipay au WeChat, na hata muuza maandazi wa barabarani hulipwa kwa simu. Kazi hiyo ifanyike nyumbani, ukiwa bado karibu na benki yako, na si uwanjani Guangzhou usiku. Google na WhatsApp hufungwa na mitandao ya kule, hivyo anayetegemea ramani na mawasiliano ya kawaida hujikuta kipofu na bubu kwa pamoja. Ndiyo maana mzoefu hubeba karatasi yenye anwani ya hoteli iliyoandikwa kwa herufi za Kichina. Dereva wa teksi akionyeshwa karatasi hiyo haulizi kitu.

Pawabenki haiwekwi kwenye begi la kupakiwa, hubebwa mkononi. Aidha, tangu Juni 28, 2025, China imezuia pawabenki zisizo na alama ya 3C kupanda ndege za ndani ya nchi hiyo. Mfanyabiashara anayeruka kutoka Guangzhou kwenda Yiwu na ile aliyoinunua mtaani kwake anaweza kuiacha kwenye ndoo ya ukaguzi. Plagi zao pia si zetu za pini tatu nene, kwa hiyo adapta ni lazima.

Nguo zisimsumbue mtu. Viatu ndivyo vya kufikiriwa, tena viwe vimekwishavaliwa mwezi mzima, kwani masoko ya kule ni ghorofa juu ya ghorofa, na mtu hutembea tangu asubuhi hadi jioni. Guangzhou mwezi Aprili ni joto na mvua. Yiwu mwezi Januari ni baridi kali, na koti moja zito ni bora kuliko masweta matatu.

Kisha kuna vifaa vya kazi, ambavyo mgeni havifikirii kabisa: utepe wa kupimia, ule mafundi wanaouita futi, mizani ndogo ya kuning'iniza, kalamu ya wino mzito na daftari. Utepe huo una thamani kuliko suti. Mzigo wa meli unaochanganywa kwenye kontena hutozwa kwa ujazo, na boksi lenye urefu wa sentimita 60, upana 50 na kimo 40 ni mita za ujazo 0.12. Maboksi 100 ni mita 12. Muuzaji akikubali kuondoa vijiboksi vya ndani na kupanga viatu vikiwa vimebanana, ujazo hupungua na nauli hupungua nao. Asiyepima huliona hilo kwenye ankara ya wakala, muda wa kubishana ukiwa umepita.

Katika kila duka, mzoefu hupiga picha ya bidhaa ikiwa pamoja na kadi ya duka. Baada ya maduka arobaini, picha bila kadi haina maana. Malipo ya awali mara nyingi huwa asilimia 30, na salio hulipwa baada ya mzigo kukaguliwa. Akaunti inayolipwa iwe ya kampuni iliyoandikwa kwenye mkataba, si ya mtu binafsi.

Wakulima nao wana la kuangalia. Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya parachichi Novemba 2022, lakini hayo ni kwa mashamba na vituo vya kufungashia vilivyosajiliwa. Hayamruhusu mtu kubeba parachichi kumi kwenye begi kama sampuli. Matunda, nyama, mbegu na udongo haviingii China mikononi mwa abiria, hata kuku wa kukaanga aliyefungwa na mama nyumbani. Wakati wa kurudi, mbegu zinazovutia kwenye maduka ya kule zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kibali hicho hupatikana kabla ya kununua, si baada ya kushuka kwenye ndege.

Siku ya mwisho sampuli hutolewa kwenye mifuko ya plastiki ya madukani na kufungwa kwenye nguo, kwani Tanzania ilipiga marufuku mifuko hiyo Juni 1, 2019, na Kenya Agosti 28, 2017. Begi moja lisizidi kilo 32, hata kama tiketi inaruhusu mabegi mawili, na mizani ile ndogo ndiyo inayoamua hotelini. Sampuli moja ya kila bidhaa, iliyosainiwa na muuzaji kwa kalamu ya wino mzito, haiuzwi wala haigawiwi kwa ndugu. Inakaa kabatini hadi kontena lifike bandarini, boksi la kwanza lifunguliwe na viwili hivyo viwekwe pamoja mezani.