Malta: Ndege Wengi, Wenyeji Wachache

Orodha ya ndege waliowahi kuonekana Malta inakaribia aina 400, na hesabu hiyo humpotosha msomaji. Nchi nzima ni kilomita za mraba 316, haifiki robo ya Unguja: majabali ya chokaa, mashamba yaliyozungushiwa kuta za mawe, na watu zaidi ya nusu milioni. Mito ya kudumu hakuna, na miti ya maana ni ile ya msitu mdogo wa Buskett. Wanaotaga humo kila mwaka ni wachache, akiwemo shomoro aliyejaa kila mahali na Merill, ndege wa taifa mwenye rangi ya samawati, anayeishi magengeni. Waliobaki karibu wote ni wapita njia. Kinachoipa Malta uzito, basi, ni mahali ilipo: kusini mwa Sicily, katikati ya bahari ambayo ndege wengi wanaohama kati ya Ulaya na Afrika huivuka.

Mtu anaweza kupinga kwamba wapo wenyeji wa thamani kubwa, nami nakubali. Filfla ni kijisiwa kitupu cha Malta ambacho jeshi la wanamaji la Uingereza lilikitumia kama shabaha ya mizinga hadi 1971. Humo huzaliana maelfu ya ndege weusi wa bahari, wenye kiuno cheupe na uzito wa gramu 25 hivi. Hutua usiku tu, wasije wakaliwa na shakwe, na kila jozi hutaga yai moja chini ya mawe. Lakini hao nao chakula chao kiko baharini; nchi kavu wanaifuata kwa ajili ya kutaga tu.

Hoja ngumu zaidi ni ya wawindaji. Wao husema hua na kware ni wapita njia, na kuwapiga ni desturi ya mababu. Desturi ipo: mwaka 1530 Kaisari Karolo wa Tano aliwapa Mashujaa wa Mtakatifu Yohane visiwa vya Malta kwa kodi ya kozi mmoja kila mwaka. Kozi mmoja, lakini, si bunduki maelfu. Tena hua anayepita Aprili amekwisha nusurika kiangazi cha Sahel na kuivuka Sahara. Ndiye aliye njiani kwenda kutaga, hivyo kumpiga yeye ni hasara kubwa kuliko kumpiga kinda wa Septemba. Kwa sababu hiyo sheria ya Umoja wa Ulaya hukataza uwindaji wa majira ya kuchipua, na mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba Malta iliikiuka. Hata hivyo, katika kura ya maoni ya 2015, asilimia 50.4 walitaka uwindaji uendelee. Kura ilipigwa Malta peke yake, ilhali viota vya hua hao viko Italia na Ulaya ya kati.