VITO VYA SAYARI TISA NA MKANGANYIKO WA MAJINA YAKE KATIKA KISWAHILI CHA PWANI

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza majina ya vito vinavyotumiwa katika unajimu wa Kihindi, na kuonyesha jinsi majina hayo yanavyokanganya yanapotafutiwa visawe vya Kiswahili. Mahali panapozingatiwa ni pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Munje, kijiji cha wavuvi kilicho jirani na Msambweni, hadi Vanga mpakani.

Yawezekana mtu akauliza Munje ina uhusiano gani na yakuti. Uhusiano huo una pande mbili. Upande wa bahari, majahazi ya kaskazi yalileta pwani hii bidhaa za Gujarat kwa karne nyingi, na shanga za akiki za Khambhat zimefukuliwa katika magofu ya miji ya kale ya Waswahili. Upande wa bara, ardhi yenyewe ina vito. Huko Kuranze, bara ya Kwale, huchimbwa garneti. Nao Mto Umba, unaotoka katika milima ya Usambara na kuingia baharini karibu na Vanga, una bonde ambalo, kwa upande wa Tanzania, limejulikana tangu miaka ya 1960 kwa yakuti za rangi nyingi. Hivyo mtu wa Kwale yuko baina ya majina yaliyokuja na jahazi na mawe yaliyomo ardhini mwake.

Hoja ya makala haya ni kwamba majina ya kale ya vito, ya Kihindi na ya Kiswahili vilevile, yalitaja rangi na mng'ao kabla ya kutaja aina ya jiwe. Ndiyo sababu jina moja hubeba mawe mawili au matatu, na anayelitegemea jina peke yake aweza kununua au kuuza kitu asichokikusudia.

2. Sayari tisa na vito vyake

Elimu ya falaki iliyoenea pwani pamoja na Uislamu ilizoea sayari saba: Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mushtarii, Zuhura na Zohali. Unajimu wa Kihindi una saba hizo hizo, kisha huongeza mbili zisizoonekana kwa macho, yaani Rahu na Ketu. Hizi ni nukta mbili ambapo njia ya Mwezi hukutana na njia ya Jua, na karibu nazo ndipo hutokea kupatwa kwa jua na kwa mwezi. Kila sayari ina kito chake, na vyote pamoja huitwa navaratna, maana yake vito tisa. Navyo ni hivi:

Jua (Surya): manik, yakuti nyekundu
Mwezi (Chandra): moti, lulu
Mirihi (Mangal): munga, marijani
Utaridi (Budh): panna, zumaridi
Mushtarii (Guru): pukhraj, yakuti ya manjano au topazi
Zuhura (Shukra): hira, almasi
Zohali (Shani): nilam, yakuti ya samawati
Rahu: gomed
Ketu: lahsuniya

Mnajimu humwagiza mtu kito kwa kutazama saa aliyozaliwa, akamtajia na madini ya pete, kidole na siku ya kuivaa. Pukhraj, kwa mfano, huvaliwa katika dhahabu, kidole cha shahada, siku ya Alhamisi. Nilam huvaliwa kidole cha kati siku ya Jumamosi, nayo huogopwa kuliko vyote: waumini husema kwamba isipomwafiki mtu humletea madhara upesi, kwa hiyo hujaribiwa siku chache kwanza. Kwa mwenye kuamini hayo, kupewa jiwe lisilo lenyewe ni jambo zito. Kwa asiyeamini, uzito uko katika fedha.

3. Majina yanayokanganya

3.1 Yakuti

Katika orodha hiyo neno yakuti limetokea mara tatu. Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, na Kiarabu kililipata, kwa kupitia lugha za Mashariki ya Kati, kutoka neno la Kigiriki hyakinthos. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11 aliyeandika kitabu kizima juu ya vito, aligawa yakuti kwa rangi zake: nyekundu, manjano, samawati na nyeupe. Elimu ya madini ya leo inamwafiki, kwani yakuti zote hizo ni jiwe moja, korundamu, lenye ugumu wa 9 katika kipimo ambacho almasi ni 10. Hata jina korundamu asili yake ni Kitamil, lenye uhusiano na neno la Kisanskriti kuruvinda.

Hapa Kiswahili na Kihindi vinaachana. Kwa Kiswahili, manik na nilam ni ndugu wa jina moja. Kwa mnajimu, Jua na Zohali ni maadui, na vito vyao havifai kuvaliwa pamoja. Mtu akimwambia sonara "nataka yakuti" bila kutaja rangi, ametaja kito cha Jua, cha Mushtarii na cha Zohali kwa pamoja.

3.2 Pukhraj

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye kito cha Mushtarii. Neno pukhraj, kwa Kisanskriti pushparaga, limetumika kwa yakuti ya manjano na kwa topazi pia. Mawe haya hayana undugu. Topazi ina ugumu wa 8, hupasuka kwa urahisi ikigongwa upande fulani, na kwa kawaida bei yake ni ndogo sana kuliko ya yakuti ya manjano.

Kiswahili kimeongeza fundo juu ya fundo. Katika Tafsiri ya Muungano ya Biblia, iliyotoka mwaka 1952, orodha ya vito katika Ufunuo 21 inaiita topazi "yakuti ya manjano". Kwa hiyo msomaji wa Biblia akisikia yakuti ya manjano hufikiri topazi, na mfanyabiashara wa vito hufikiri korundamu. Isitoshe, topazi ya Wagiriki wa kale ilitoka katika kisiwa cha Bahari ya Shamu, na jiwe la kisiwa hicho ni la kijani: ndilo ambalo Waarabu waliita zabarajadi. Lakini tafsiri hiyo hiyo imeliweka jina zabarajadi mahali pa berili. Mfasiri hastahili kulaumiwa kwa hayo, maana majina aliyoyarithi yalikuwa yamekwisha kuhama.

Kuna na jiwe la tatu, sunehla, ambalo ni kwazi ya manjano. Hili huvaliwa na wasiomudu pukhraj, na mara nyingi huuzwa kwa jina la topazi.

3.3 Gomed na lahsuniya

Kwa kuwa falaki ya pwani haikuwa na kito cha Rahu wala cha Ketu, Kiswahili hakikupata majina yaliyozoeleka ya mawe haya mawili. Gomed, ambayo jina lake la Kisanskriti hufasiriwa kuwa mafuta ya ng'ombe kwa sababu ya rangi, leo ni garneti ya rangi ya asali, lakini kamusi nyingine huiita zirkoni. Garneti hiyo ni ya jamii moja na tsavoraiti, jiwe la kijani lililopatikana Tanzania mwaka 1967, kisha Taita, na kupewa jina la Tsavo mwaka 1974. Kwa hiyo mchimbaji wa nchi hizi huenda akawa anachimba ndugu wa kito cha Rahu bila kujua.

Lahsuniya ni jiwe lenye mstari wa mwanga kama jicho la paka. Jina lake la Kisanskriti ni vaidurya, ambalo zamani lilikuwa jina la berili. Neno hilo, kwa umbo lake la Kiprakriti, liliingia katika Kigiriki likawa beryllos, na Kiarabu kikapata billawr, yaani kioo safi. Kutoka hapo Kiswahili kikapata bilauri. Hivyo jina la kito cha Ketu limo katika nyumba za Munje kila siku, nalo hutumika kunywea maji.

3.4 Marijani

Munga ni marijani nyekundu, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Bahari ya Mediterania. Kamusi zinapotoa marijani na matumbawe kuwa kisawe kimoja, huwapotosha wasomaji. Mvuvi wa Munje anajua kuwa mwamba wake ni matumbawe, yaliyochomwa chokaa na kujengewa nyumba na misikiti. Tumbawe lililovunjwa mwambani haligeuki marijani hata likipakwa rangi, na mwamba ulioharibiwa hauzai samaki.

4. Athari na mapendekezo

Mwenye kuathirika na mkanganyiko huu ni mtu mdogo. Mchimbaji wa bonde la Umba akiambiwa kwamba yakuti yake ya manjano ni "topazi tu", huipoteza kwa bei ya topazi. Mnunuzi naye hulipia pukhraj, akavishwa kwazi. Kwa sababu hiyo yafaa:

(a) Neno yakuti lihifadhiwe kwa korundamu peke yake, na kila mara litajwe pamoja na rangi.

(b) Topazi iitwe topazi, na zabarajadi irudishiwe jiwe lake la kijani.

(c) Gomed na lahsuniya zipokewe kama zilivyo, na kamusi ieleze aina ya jiwe badala ya kutoa kisawe cha kubahatisha.

(d) Marijani na matumbawe vitenganishwe.

Pale ambapo jina halitoshi, mizani hutosha. Jiwe lililopimwa hewani, kisha majini, hujitaja lenyewe: korundamu ni nzito mara 4 kuliko maji, topazi mara 3.5, kwazi mara 2.65, garneti ya gomed mara 3.6, na zirkoni hufikia mara 4.6 au zaidi. Al-Biruni mwenyewe alipima vito kwa maji.

5. Hitimisho

Imeonekana kwamba majina ya vito yamesafiri mbali kuliko vito vyenyewe. Hiakintho ya Ufunuo ndiyo mzazi wa neno yakuti, na katika karne za karibuni jina hilo hilo likatumiwa Ulaya kwa zirkoni na garneti za rangi ya machungwa, yaani mawe yale yale yanayogombewa na jina gomed. Historia hiyo ni hazina kwa mwanaisimu. Kwa mwenye jiwe mkononi ni mtego, na kazi ya kuutegua ni ya watunga kamusi.